Wakili Aliyevuka Barabara

Watu wa mji wetu wa Girga wakisimulia habari za Bekhit Qenawi huanzia kwenye risasi. Mimi naanzia nyuma kidogo, kwa sababu niliona kwa macho yangu siku alipovuka barabara.

Nina meza na mashine ya kupigia chapa mbele ya mahakama, mwaka wa ishirini na sita sasa. Anayeshitaki, anayedai talaka, anayegombea mirathi, wote hupita kwangu kwanza. Upande wangu wa barabara ipo ofisi ya mzee Makram Habashi, wakili wa zamani, kwenye nyumba ya ghorofa ambayo ngazi zake zimelika katikati kwa nyayo za wateja. Upande wa pili ipo ofisi ya wakili Sabri Lamlum, yenye vioo vyeusi na mashine ya kupoza hewa inayodondoshea maji vichwa vya wapita njia. Ofisi hizo mbili ziliishi kama wake wenza.

Bekhit alifanya kazi kwa mzee Makram miaka kumi na minne. Alikuwa mtoto wa mhunzi, mrefu, mwembamba, mwenye kigugumizi kilichopotea kila aliposimama mbele ya jaji na kurudi kila aliponunua nyanya. Mkewe, Wagida, alikuwa akimtania: "Baba Nadra, mwite jaji aje sokoni, labda tutapata nyanya kabla hazijaoza."

Kesi iliyomponza ilitoka ng'ambo ya mto, kwenye vijiji viwili vinavyonywesha mashamba yao kwa mfereji mmoja. Ukoo wa Abu Ghazi na ukoo wa Nasayra waligombea zamu ya maji, na asubuhi moja Radwan Nasayra akaokotwa ndani ya mfereji, kichwa kimepasuliwa kwa jembe. Alikamatwa Shahat Abu Ghazi, kijana wa miaka kumi na tisa, na Bekhit akamtetea. Ndugu wa marehemu walipoitwa mahakamani walisema hawakuona kitu na hawamshuku mtu. Kwetu hiyo si huruma. Ukoo ukikataa kutoa ushahidi maana yake hautaki mtu wanayemshuku afichwe jela, unataka atoke nje ambako mkono utamfikia. Shahat aliachiwa kwa kukosekana ushahidi, akatolewa mlango wa nyuma, na hakuonekana tena Girga.

Watu watatu tu walijua alikokwenda: baba yake Nuaman, mama yake, na Bekhit, aliyemfuata huko mara moja ili atie saini hati ya uwakala ya shamba lake. Mzee Makram mwenyewe alikataa kuambiwa. "Nisichokijua hakiwezi kung'olewa kwangu," alisema. Mimi mpaka leo sijui ni mji gani.

Kisha mtoto wa Makram akarudi kutoka Kairo na shahada zake, akakaa kwenye meza ya Bekhit bila hata kumwomba radhi. Bekhit alivumilia mwezi mmoja. Sabri Lamlum, ambaye pua yake hunusa ugomvi wa jirani, akamwita ng'ambo na kumpa chumba cha peke yake.

Siku ya kuagana, mzee Makram alimshika mkono hapo chini ya ngazi, nami nikasikia. "Kabla hujavuka, waambie wateja. Nuaman kwanza. Lamlum ni wakili wa akina Nasayra katika kesi ya shamba. Nuaman akiisikia habari hii kwa jirani, hatasikia kwamba wakili amehama. Atasikia kwamba ameuzwa."

"N-nitamwambia, mzee. Ijumaa nitavuka mto."

"Ijumaa ni mbali."

"Wako kwenye miwa wote sasa hivi. Nitamkuta wapi?"

Hilo ndilo kosa lake, na hajawahi kulikana. Alivuka barabara Jumanne, amebeba sanduku la vitabu na birika lake la chai.

Kwa Lamlum aliweka sharti, akataka liandikwe, na mimi ndiye niliyelipiga chapa: Bekhit hatagusa jalada lolote la Nasayra, hataulizwa lolote kuhusu wateja wake wa zamani, na akina Nasayra wakiingia ofisini yeye atatoka. Lamlum alitia saini huku akicheka. "Bwana wee, nimeajiri ulimi wako. Masikio kaa nayo mwenyewe."

Jumatano habari zilikuwa zimeshavuka mto. Alhamisi, adhuhuri, Nuaman Abu Ghazi alikuja mbele ya mahakama na punda aliyebeba mzigo wa miwa. Nilidhani anauza. Bekhit alikuwa amesimama mezani kwangu akisubiri nimalize shitaka la mjane mmoja.

"Wakili Bekhit!"

"Hajj Nuaman! Karibu, nilikuwa nije kwako k-kesho..."

"Kesho? Kwao umehamia juzi, kwangu uje kesho?"

"Hajj, wallahi sijasema neno."

"Najua hujasema. Ndiyo maana nimekuja mapema."

Akaingiza mkono ndani ya mzigo na kutoa bunduki. Mlio wake uliniziba masikio. Bekhit alirushwa juu ya meza yangu, akaanguka nayo, mashine ikamwangukia kifuani. Risasi ilikuwa imeingia chini ya bega la kushoto na kutokea mgongoni, na damu ilimwagika ikalowesha shitaka la mjane lote. Nuaman aliipandisha bunduki tena, lakini askari wa lango la mahakama wakamrukia, wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka meno yakamtoka. Aliburutwa huku akipiga kelele: "Amekwenda kwao na mwanangu mfukoni! Mwanangu yuko mfukoni mwake!"

Nilimfunga Bekhit kwa kilemba changu. Alinitazama, akasema maneno manne bila kigugumizi hata kidogo: "Mwambie Wagida sifi leo."

Hospitali alilala siku tisa. Siku ya tatu nilikwenda na mikate na jibini. Nikamkuta Sabri Lamlum na machungwa yake, na pembeni yake mtu mnene mwenye kovu shavuni, mikono ameikunja. Huyo alikuwa Zaghlul Nasayra, kaka wa Radwan aliyeuawa.

"Pole sana, Wakili," alisema Zaghlul. "Nasi tulipigwa na watu haohao. Sasa sisi ni ndugu wa msiba."

"Sisi si n-ndugu."

Lamlum alivuta kiti. "Bekhit, tuwe watu wazima. Uliwatunzia siri yao na wao wamekutoboa kama chujio. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni wewe. Hakuna anayekuomba nyumba wala mtaa. Mji tu. Jina moja. Kisha utalala, utapona, na hakuna atakayejua lilitoka wapi."

"Ulitia s-saini."

Lamlum akatoa ile karatasi niliyoipiga chapa, akaichana vipande viwili, kisha vinne, akavitia kwenye mfuko wa maganda ya machungwa. "Saini ipi?"

Walipoondoka, Wagida, aliyekuwa amesimama dirishani muda wote huo, aligeuka. Uso ulikuwa umemvimba kwa kulia. "Sema, Baba Nadra. Sema tuishi. Mtu aliyekupiga risasi mchana kweupe unamsitiri kwa lipi?"

"Simsitiri yeye. Kuna yule kijana."

"Kijana muuaji!"

"Labda. Hakuniambia nimpime. Aliniambia nimtetee."

"Na mimi na wanao nani atatutetea?"

Wagida akavua kiatu akakitupa ukutani, akatoka nje, akakaa barazani na wanawake wengine waliokuwa na wagonjwa wao.

Msidhani Bekhit alikuwa malaika. Baadaye aliniambia kwamba jina la mji ule lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake siku zote tisa. Kila alipovutwa kitambaa kidondani alimwona Nuaman akipigapiga kifua juu ya maiti ya mwanawe, na picha ile ilikuwa tamu. "Nililitamka peke yangu," alisema, "chini ya shuka, ili nione lina ladha gani. Nikatema mate."

Alipotoka alimwandikia Lamlum kwamba ameacha kazi. Akakaa nyumbani, mkono shingoni, Wagida hamsemeshi ila kumwekea sahani. Siku ya pili baada ya hapo alitoka asubuhi kwenda kubadilishwa kitambaa. Saa ya kliniki ilikuwa imepangwa na daktari ambaye ni shemeji yake Lamlum. Nalisema lilivyo, kila mmoja na aamue mwenyewe.

Gari dogo la mizigo lilisimama mbele yake. Watu wawili walishuka, wa tatu hakuzima injini. Walimtupa nyuma kama gunia, wakamkalia. Walivuka daraja, wakaingia kwenye mashamba ya miwa upande wa jangwani, mahali ambapo miwa ni mirefu kuliko mtu aliyepanda ngamia na majani yake hukata ngozi kama wembe. Saa nne ya asubuhi, jua kali, na kwa mbali sauti za wakata miwa wakiimba.

Zaghlul alikuwa ameshafika, anakunywa chai kwenye kikombe kidogo. Walimfunga Bekhit kwenye gurudumu la mkokoteni wa miwa, mkono wa kulia wakaunyoosha juu ya ubao.

"Mji tu," alisema Zaghlul. "Umeshafikiria vya kutosha."

"S-s-s..."

Zaghlul akaweka kikombe chini, akasogea. "Ndiyo. S. Endelea. Suez?"

"S-s..."

"Samalut? Sinai? Si umsaidie, wewe!" akamkaripia binamu yake. "Miji ya S iko mingapi?"

"S-sisemi," akamaliza Bekhit.

Binamu alicheka. Zaghlul hakucheka. Alichukua panga la kukatia miwa, akaligeuza, akapiga kidole cha shahada kwa upande wa mpini. Bekhit aliniambia alisikia mlio kabla ya maumivu, kama muwa ukivunjwa gotini. Kisha maumivu yakaja yote mara moja na akajitapikia kifuani.

"Huyu Nuaman baba yako?" aliuliza Zaghlul, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kuelewa. "Amekulisha? Amekuoza? Nifahamishe, labda mimi ndiye mjinga."

"Mteja."

"Alikuwa. Si umehama?"

"Nimehama. Yeye hajahama kutoka k-kwangu."

Kidole cha pili. Bekhit alizirai, wakamwagia maji ya mfereji. Zaghlul alikaa chini mbele yake, karibu sana, akaanza kuzungumza juu ya Radwan: jinsi alivyomfundisha kuogelea kwenye mfereji uleule, jinsi mama yao hajapika kitu cha moto tangu siku ile, jinsi hawakupokea rambirambi wala hawatapokea mpaka damu ilipiwe. Machozi yalimtoka mtu yule. Akayafuta kwa mkono ulioshika panga, akavunja kidole cha tatu.

"Mwueni tu," alisema dereva. "Huyu ni jiwe."

"Tukimwua tumepoteza mji."

"Hataki kuutoa!"

Wakagombana wao kwa wao. Mwishowe Zaghlul alikusanya majani makavu ya miwa kwa mguu, akayasukumia chini ya mkokoteni, akawasha kiberiti. "Moto utamwuliza vizuri kuliko mimi," alisema. Nadhani alitaka kumtisha tu, maana alichuchumaa kando, anangoja. Lakini upepo wa jangwani ulikuwa umeamka, na majani ya miwa hayafanyi mzaha na moto. Ulipanda juu ya mkokoteni, ukaruka kwenye miwa, na katika muda wa kuhesabu hadi kumi ukuta mzima ulikuwa unanguruma. Wale watatu walikimbilia gari. Zaghlul, kwa ushahidi wa Bekhit mwenyewe, alirudi hatua mbili kuja kumfungua, nywele zikaanza kumwungua, akageuka.

Mgongo wa Bekhit uliiva. Kamba ya mkono wa kulia iliungua kabla ya nyama kwisha. Lakini vidole vyake vilikuwa vimevunjika, na wa kushoto, wa lile bega la risasi, haukuwa na nguvu ya kufungua lolote. Alikuwa akivuta fundo kwa meno wakati wakata miwa wanne walipotokea ndani ya moshi, nguo wamezilowesha na kujifunika vichwa, wakipiga kelele nani amechoma shamba kabla ya zamu yake. Walimkata kamba, wakamburuta mpaka mfereji, wakamtumbukiza.

Mwendesha mashitaka alimfuata hospitali akiwa na karani wake, na mji mzima ulijua atakachosema. Kwetu mtu akipigwa risasi husema hakumwona aliyepiga. Akichomwa husema alijikwaa. Mambo ya koo hayaandikwi kwa serikali. Bekhit alilala kifudifudi akataja kila mtu: Nuaman, na mahali aliposimama, Zaghlul, na kikombe chake cha chai, binamu, dereva, Lamlum na karatasi iliyochanwa. Na karatasi ile nilikuwa na nakala yake, maana mpiga chapa asiyeweka nakala hana akili.

"Na walitaka uwaambie nini?" aliuliza mwendesha mashitaka.

"Mahali alipo mteja wangu."

"Yuko wapi?"

"Hilo silisemi."

"Yote haya umeyasema, hilo moja huwezi?"

"Haya ni yangu," alisema Bekhit. "Bega langu, vidole vyangu, mgongo wangu. Lile si langu."

Watu walimtemea mate kwa kuwataja. Kioo cha dirisha lake kilivunjwa mara mbili, na binti yake Nadra akarudi kutoka shuleni na nywele zilizokatwa kwa mkasi na wenzake. Wagida alimnyoa zilizobaki, kisha akaenda mpaka mlango wa shule na kijiti cha kusukumia mkate, na aliyoyasema pale siwezi kuyarudia. Jioni hiyo alianza kumsemesha mumewe tena.

Kesi ya Nuaman ilisikilizwa kwanza. Alikuwa ndani ya tundu la chuma la washitakiwa, mdomo umebonyea kwa meno yaliyong'olewa, na hakuwa ameambiwa habari za miwa. Wakili wake alimwambia Bekhit anyooshe mkono mbele ya jaji, akitaka kuonyesha kwamba majeraha yake hayakutoka kwa Nuaman peke yake. Vidole vitatu vilisimama vimepinda, kila kimoja kimeelekea upande wake.

Nuaman alishika vyuma. "Hivyo ni kwa ajili ya mwanangu?"

"Nyamaza, mshitakiwa," alisema jaji.

"Namwuliza yeye! Bekhit, walikuvunja kwa ajili ya Shahat?"

"Hivi ni kwa ajili ya Shahat," alisema Bekhit, na hakugugumia kwa kuwa alikuwa mbele ya jaji. "Bega ni lako wewe."

Nuaman aliteremka polepole mpaka akakaa sakafuni, paji la uso kwenye chuma, akaanza kujigonga, mara ya kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, mpaka askari wakaingia kumshika. Alifungwa miaka saba. Zaghlul alipata kumi na tano. Chama cha mawakili kilimfungia Lamlum miaka mitatu, na baada ya miaka mitatu akarudi kwenye vioo vyake.

Ningependa kuishia hapo. Kiangazi cha mwaka uleule wa kesi, akina Nasayra walichoka kumtafuta Shahat na kutambiwa mferejini na vijana wa Abu Ghazi, wakamgeukia binamu yake, Atif, muuza mbegu ambaye hakuwahi kugombana na mtu. Walimpiga risasi sita kwenye ngazi za duka lake, saa tatu ya asubuhi, mifuko ya mbegu za klova ikapasuka juu yake.

Bekhit alikuja akakaa mezani kwangu siku ya pili.

"Ningesema, angekufa mmoja," alisema. "Sikusema, k-kafa mwingine."

Nilimwambia aliyemwua Atif ni aliyefyatua risasi. Alitikisa kichwa, si kwa kukubali.

"Mzee Makram aliniambia Ijumaa ni mbali," alisema. "Ningevuka mto Jumatatu, nikamtazama Nuaman usoni, labda angenitukana tu. Asingekuwa jela. Angekuwepo kuwazuia vijana wake wasitambe pale mfereji. Labda."

Sasa ana ofisi ya chumba kimoja nyuma ya soko la mafuta ya taa, peke yake, bila mshirika wala bosi. Huandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, kisha huniletea nipige chapa. Wateja si wengi. Wanaokuja ni wale wenye jambo ambalo hawajamwambia hata mke.

Mwezi uliopita mama yake Shahat alipanda mpaka huko, nami nilikuwepo na karatasi zake. Mwanamke yule alikuwa amevaa nyeusi mpaka kwenye kucha. Aliweka mkate wa kuumuliwa juani juu ya meza, akasema anataka Bekhit asimamie kesi ya damu ya Atif.

"Siwezi, mama. Nilitoa ushahidi dhidi ya m-mumeo. Siwezi kuwa shahidi dhidi yenu kisha niwe wakili wenu."

"Mume wangu mwenyewe ndiye aliyenituma. Amesema: nenda kwa yule niliyempiga."

"Msalimie. Lakini siwezi."

"Basi nani, mwanangu? Nani mwingine hapa anajua kunyamaza?"

Bekhit alimwandikia jina la wakili mmoja mwanamke aliyeko Sohag, kwa zile herufi zake kubwa, taratibu, ulimi ameung'ata. Mama alisubiri. Alipopewa karatasi aliikunja ndogo kabisa, akaitia kifuani, akainama kuushika mkono ule wenye vidole vilivyopinda. Bekhit akauondoa.

"Usifanye hivyo, mama," alisema. "Kaa unywe chai kwanza. Gari la Sohag linaondoka saa nane."